Raba za Mama Mkwe

Sisi watu wa ziwani tuna heshima nyingi, na nyingi kati ya hizo zinamhusu mama mkwe. Mkwe halali nyumba moja naye, hamshiki mkono, na akimsalimia macho yake hukaa chini. Sheria hizi zilitungwa na watu waliokuwa na boma kubwa. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja Makina, Kibera, kitanda kimetenganishwa na sufuria kwa pazia.

Kwa hiyo mama mkwe alipokuja kuona mjukuu, tulimtafutia pa kulala Kawangware, huko Gatina, kwa mdogo wake aliyepanga ghorofa ya juu kabisa. Kila asubuhi alikuja kwetu kushinda na mke wangu. Akinikuta bado niko ndani, hakuingia. Alikaa nje juani, kwenye kigoda, akingoja niende kazini. Mimi ni fundi wa bomba. Nazibua sinki na vyoo vya watu wa maghorofa ya Nyayo Highrise, kazi isiyo na sifa lakini haiishi. Nilitoka nikasema, "Habari ya asubuhi, mama," nikiangalia viatu vyake, naye akajibu, "Mzuri, baba," akiangalia ukuta wa jirani. Viatu vyenyewe vilikuwa raba za bluu, ya kushoto imeshonwa kando. Hadi leo naweza kukuchorea.

Aliugua polepole na kwa adabu. Jioni, Gatina, alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Mdogo wake akasema mtu wa ziwani akishikwa na baridi hiyo ni malaria, haina mjadala, akamnunulia dawa. Mchana, kwetu, alishika tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu, akakataa chakula. Mke wangu akasema hizo ni ulsa, akamkorogea dawa nyeupe ya maji. Kila nyumba ilikuwa na ugonjwa wake na tiba yake, na mama mwenyewe hakuwa mtu wa kuhamisha maneno ya nyumba moja kwenda nyingine.

Chumba chetu hakina dirisha la maana, na taa yetu humfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Gatina alifika giza likiingia. Mtu pekee aliyemkuta kwenye mwanga wa jua kila siku alikuwa mimi, na mimi nilikuwa mtaalamu wa raba.

Asubuhi moja nilisalimia, raba hazikujibu. Nikasalimia tena. Ile ya kushoto ilikuwa imelala upande, kama mguu hauna mwenyewe. Nikainua uso. Mama mkwe alikuwa ameegemea mabati, midomo imekauka, na macho yake yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Niliogopa, sitasema uongo. Nilimwita mke wangu kwa sauti ambayo majirani bado wanaiiga.

Kwetu gari haliingii, na mke wangu alikuwa na mtoto mgongoni. Nikachuchumaa mbele ya mama mkwe nikamwambia apande.

"Wewe! Wacha!" akasema, kwa sauti kidogo iliyobaki. "Watu wataona."

"Wacha waone, mama."

"Mkwe hanibebi. Tafuta mkokoteni."

Yaani aliona afadhali apandishwe pamoja na mitungi ya maji. Nikamshika mikono nikamvuta mgongoni, na joto lake likanipenya shati. Tulipopita kibanda cha chai wanapokaa watu wa kwetu, wote walisimama na vikombe mkononi. Mzee mmoja akavua kofia, sijui kwa nini.

"Ngai! Si huyo ni mathe wa bibi yake?" akauliza muuza mandazi.

Mama mkwe akajifunika uso kwa leso.

Hospitalini daktari aliuliza kama anatetemeka. Mke wangu akasema hapana. Tukapiga simu Gatina. Simu ikasema ndiyo, kila jioni. Akauliza kama tumbo linauma. Simu ikasema hapana, mke wangu akasema ndiyo, hapa kulia.

"Na macho yamekuwa yellow tangu lini?"

Wote wakanigeukia. Nikasema mimi naweza kueleza viatu.

Daktari hakucheka. "Hizo zote ni ugonjwa mmoja," alisema. "Jiwe limetoka kwa mfuko wa nyongo likaziba mfereji. Nyongo imekwama, bakteria zimezaana humo, na sasa zinaingia kwa damu. Tunampa dripu na antibiotiki kwa mshipa saa hii. Lakini dawa peke yake haitoshi. Huo mfereji usipofunguliwa haraka, tutampoteza."

Nilimwelewa vizuri kabisa. Sijawahi kuona sinki iliyozibuka kwa kumwagiwa dawa ya harufu. Kuelewa hakukunisaidia, niliketi kwenye benchi nikalia.

Walimpitishia mpira mwembamba wenye kamera mdomoni hadi kwenye mlango wa mfereji, wakautanua, wakatoa jiwe, wakaacha kamrija ka plastiki ili nyongo iendelee kupita. Mfuko wenyewe ungetolewa baadaye, akipata nguvu. Joto likashuka. Nilipoenda kumwona nilisimama mwisho wa kitanda, nikasalimia soksi.

Aliporuhusiwa, ngazi za Gatina zilimshinda. Ikabidi alale kwetu, na kwa kuwa sheria ni sheria, mimi ndiye niliyehama. Nililala Nyayo Highrise, kwenye chumba cha pampu. Asubuhi nikarudi kubadilisha nguo, nikamkuta kwenye kigoda chake juani.

"Habari ya asubuhi, mama," nikaziambia raba.

Raba hazikujibu.

"Baba," akasema. "Inua uso."

Nikainua. Alikuwa ameelekea jua, amevuta kope za chini kwa vidole, kama daktari alivyomfanyia.

"Yako aje?"

"Bado manjano kidogo, mama. Huku pembeni."

"Haya. Rudisha chini."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mke wangu alijitolea kumkagua macho badala yangu, akakataliwa. Mama alisema kazi hiyo ina mwenyewe. Hadi siku moja nikainua uso nikatafuta yale manjano pembeni, nikakosa. Nilikuta macho ya mama mzee, meupe, yananitazama moja kwa moja.

"Yako aje?"

"Meupe, mama."

"Angalia vizuri."

Nikaangalia vizuri. "Meupe kabisa."

"Haya," akasema. "Sasa rudisha chini."

Nikarudisha. Siku hiyo raba sikuziona vizuri.