Hesabu ya Mwisho katika Chumba cha Nta

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Shule yangu iliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito. Ila juzi nilinusa nta mbichi sokoni Kanyenye, nikasema niandike kabla harufu haijaniacha.

Enzi za Mwingereza baba yangu alikuwa akinunua nta kwa warina asali wa Ipole na kuiweka katika chumba cha uani, nyumbani kwetu Isevya. Jumamosi moja alinifungia humo na hesabu zangu za aljebra.

"Wallahi, hutoki mpaka umalize zote."

Alasiri lori lilikuwa linakwenda Ipole kwa bibi, kwenye kurina asali, nami nilikuwa nimeahidiwa nafasi.

Kutafuta x nilimaliza. Hesabu ya mwisho ilitaka nichore kwenye grafu y = 2x + 1 na y = 2x + 4, kisha niseme mistari hiyo inakutana wapi. Nikachora. Haikukutana. Nikafuta, nikaunga karatasi nyingine juu. Mistari ikapanda tu kama reli, ikatokea nje. Bati lilikuwa la moto, nta ikaanza kulainika, jasho langu likilowesha miraba. Kuita niliona haya. Nje lori likapiga honi.

Ndipo nikamsikia Bi Tatu, Mzaramo muuza vitumbua, mtani wetu aliyezoea kututania kwa upagazi wa babu zetu.

"We mpagazi! Mtoto umemfunga kama mzigo?"

"Nimeapa, mtani."

"Umeapa wewe, mimi sijaapa. Lete ufunguo, ama nitakaa hapa kizingitini niimbe mpaka kesho!"

Mtani hakataliwi. Baba akautoa huku akinung'unika, mlango ukafunguka, nikakimbia na penseli mkononi hadi kwenye lori.

Jumatatu mwalimu alisema jibu ni kwamba mistari ile haikutani kamwe. Nilikuwa nimeliona siku nzima, nikadhani ni ujinga wangu.

Baba alipokwisha kufariki, mama aliniambia jambo. Mchana ule baba alichungulia tundu la mlango, akaniona nimelaza kichwa juu ya grafu. Akatoka, akarudi na vitumbua.

"Na vitumbua," mama alisema, "baba yako hakuvipenda hata siku moja."

Kumbe alikwenda kutafuta mtu wa kumshinda.

Nanyi mliowahi kufungiwa, niandikieni ni nani aliyekuja mlangoni kwenu. Nitajibu, ingawa polepole.