Maboriti ya Kuazima

Sakafu iliyonyooka kuliko zote nilizowahi kupima Pemba ndiyo niliyoiandikia ifungwe.

Ilikuwa ghorofa ya chuo cha Qur-ani, nje kidogo ya Wawi, iliyojengwa na wanakijiji wenyewe. Niliitwa kuikagua kabla ya watoto kupandishwa. Nililaza rula yangu ya alumini ya mita tatu kwa urefu, kwa upana, kisha kwa mshazari. Zege la kumwagwa kwa karai huwa na mawimbi. Nikikuta uwazi wa milimita tano chini ya rula, huandika inafaa. Pale hata sarafu haikupenya.

Fundi, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alisimama mlangoni akinitania kwamba nimetoka Gombani bure, bora ningebaki uwanjani kutazama mpira.

Nikashuka. Nilipima dari kwa mpira wa maji, ule wa kuangalizia usawa, kutoka ukutani hadi katikati. Katikati palikuwa chini kwa sentimita tano. Nilidhani mpira una povu la hewa, nikarudia. Haukuwa nalo. Juu tambarare, chini tumbo.

Nilimuuliza fundi ameisawazisha mara ngapi. Mara mbili, alisema. Kila alipoona maji yanatuama katikati, alijaza saruji na mchanga. Hakujua, au hakutaka kujua, kwamba kila karai alilomwaga pale lilizidi kulivuta lile tumbo chini.

Kisha nikauliza maboriti ya kushikilia zege yaliondolewa lini. Akatazama ukuta. Yalikuwa ya kuazima, ya watu wa Mgogoni, na siku ya kuyarudisha ilitajwa msikitini mbele ya watu. Mvua ikachelewesha kazi ya kumwaga zege. Siku ya kurudisha haikusogezwa. Zege lilikuwa na siku tisa tu.

"Wangetupa muda lau tungeomba," alisema. "Lakini miye ndiye nilotaja siku ile, mwanangu. Kwa mdomo wangu."

Niliandika: juu pafungwe, chini asikae mtu, dari liegemezwe. Bi mwalimu, anayeendesha chuo hicho, aliniuliza awapeleke wapi watoto. Akasema atawasomesha barazani. Kabla ya kuondoka nilisimamisha nguzo ya mti chini ya lile tumbo, nikaacha nafasi ya sarafu moja kati yake na dari. Nikamwachia Bi mwalimu sarafu yenyewe, aijaribu kila Ijumaa, akiwa peke yake; ikikataa kupita, anipigie.

Fundi alikwenda Mgogoni mwenyewe kuomba maboriti. Yako chini ya zege jipya la msikiti wao, na wamesema halitoki hata moja kabla ya siku ishirini na nane. Aliniambia hakuwabishia.

Ijumaa iliyopita Bi mwalimu alinipigia simu. Sarafu haipiti tena. Sakafu ya chini bado ni udongo, na mvua imenyesha wiki nzima. Nilimuuliza watoto wako wapi.

"Ndani," alisema. "Kwani mvua huisikii?"

Nikamwambia awatoe hivyo hivyo, walowe. Mpaka leo siwezi kusema kama ni udongo uliovimba ukausukuma mti juu, au ni dari lililoshuka. Na zege la Mgogoni lina siku kumi na moja tu.