Jina la Mkwe

Mara ya kwanza nilipokwenda kwenye usaili wa uwakili nilikwenda na maji, na wala sikuangushwa na sheria. Sheria niliijua. Nilikuwa nimesoma mpaka mke wangu akaanza kuniita mpangaji, kwa kuwa alisema anachokiona kwangu ni mgongo tu na taa inayowaka. Kilichoniangusha mimi ni shikamoo.

Usaili huo hufanywa mbele ya jopo, baada ya mtu kumaliza mitihani ya kuandika. Ukipita unaapishwa kuwa wakili, na pamoja na uwakili unapata ruhusa ya kuwa kamishna wa viapo. Mtu akileta hati yake ya kiapo, wewe ndiye unayemwapisha, unashuhudia akitia saini, kisha unagonga mhuri kuthibitisha kwamba ndiye yeye na kwamba alikuja mbele yako mwenyewe. Ni kazi ya dakika chache, lakini ndiyo inayoleta watu wengi kwenye ofisi za mawakili wa wilayani. Nilikuwa nimeiona ikifanywa kila siku Masasi, nilikoajiriwa kama msaidizi katika ofisi ya wakili mmoja. Nilidhani naijua.

Katikati ya jopo alikaa mzee mwenye mvi kichwa kizima. Akasema, "Tufanye wewe ni kamishna, mimi ni mteja." Akatoka nje, akabisha hodi, akaingia ameshika karatasi. Basi mimi nikasahau kama kuna jopo. Nikaona mzee. Nikasimama, nikamwamkia, nikampisha kiti changu, nikaipokea karatasi kwa mikono miwili, nikamwonyesha pa kutia saini, nami nikatia yangu. Nadhani nilimshukuru hata kwa kuja.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, mzee."

"Haya, soma jina la huyo uliyemwapisha."

Nikasoma. Lilikuwa jina la binti mmoja wa Mbeya, mfanyabiashara wa vipodozi. Nilikuwa nimethibitisha kwa saini yangu kwamba babu yule ndiye binti huyo. Mama mmoja wa jopo alicheka mpaka akavua miwani. Mzee hakucheka. Alinirudishia kalamu yangu akasema, "Kijana, una adabu sana. Nenda ukajifunze kuuliza."

Nilikasirika njia nzima ya kurudi kusini kutoka Dodoma. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile nilimkasirikia mzee, nikamkasirikia binti wa Mbeya ambaye hata hakuwahi kuwepo, na mwisho nikawakasirikia wazazi wangu kwa kunilea vizuri. Maana kwetu Chiungutwa, nilikozaliwa, mtu mzima haulizwi jina. Yeye ni Baba Fulani au Mama Fulani, kwa jina la mwanawe. Kama humjui, unamvuta mtu pembeni unamuuliza yeye. Kumkazia macho mzee na kumwambia ataje jina lake ni sawa na kumwambia kwamba hajulikani. Ofisini Masasi kazi hiyo aliifanya wakili mwenyewe, aliyetoka mkoa mwingine, na kila alipoifanya mimi nilijifanya natafuta kitu kabatini.

Kwa hiyo sikuhitaji tena vitabu. Nilichohitaji ni kinywa.

Mwisho wa wiki nilikuwa napanda Newala, ambako mke wangu anafundisha shule ya msingi. Nyumba yetu tumeijenga kwa kufuata desturi ya huku, ubavuni mwa nyumba ya mama yake. Mama mkwe ni mjane, amezaliwa katika ukoo wa makatekista, na kwa miaka mingi ndiye aliyewafundisha watoto wa kanisa letu la Anglikana maigizo ya Krismasi. Sisi wawili tulikuwa tunaheshimiana kwa mbali. Akipita uani, mimi nilijibanza. Nikila, hakukaribia. Alichonisemesha alinisemesha kwa kupitia mke wangu, hata kama wote tulikuwa tumesimama penye pipa moja la maji.

Na jina lake sikuwahi kulitamka. Nililijua, kwa sababu lilisomwa kanisani kwenye mazishi ya baba mkwe, nami nikainamisha kichwa kama mtu aliyesikia kisichomhusu.

Mke wangu ndiye aliyemsimulia mama yake kisa cha binti wa Mbeya. Nilisikia kicheko kikitoka jikoni, nikatamani kurudi Masasi kwa miguu. Jioni ile mama mkwe alikuja barazani kwetu na sahani ya ming'oko ya moto, viazi pori vya huku, akaiweka mezani na kukaa. Hakuwahi kukaa. Mke wangu akaacha mdomo wazi.

"Mwambie mume wako," akasema, "kuanzia kesho nitamletea wateja."

Wateja wote walikuwa yeye mwenyewe. Kesho yake, ukungu wa asubuhi haujaondoka, nikasikia hodi. Akaingia mzee wa Chilangala mwenye mikorosho mingi na kiburi kingi, amevaa koti la marehemu baba mkwe, ameshika fimbo ya kufukuzia mbuzi. Niligeuka kwa mke wangu nikamwambia, "Muulize mzee anaitwa nani."

"Kamishna ana mkalimani wa nini?" mzee akafoka. "Mimi Kiswahili najua!"

Mke wangu alikimbilia ndani kucheka. Mimi jasho lilinitoka na baridi ile ya Newala. Lakini nikauliza. Nikaangalia ukuta, nikasema, "Mzee, naomba majina yako kamili." Alinitajia jina la kubuni, refu kama treni, akadai kitambulisho ni uso wake. Nikambembeleza, akanitukana kidogo, nikakaza. Alipotoka alirudi mlangoni na sauti yake mwenyewe: "Usiuangalie ukuta. Ukuta hauapi."

Tukaendelea hivyo msimu mzima. Alikuja kama mfanyabiashara mwenye haraka na simu sikioni. Alikuja kama kiziwi. Siku moja alikuja kama mama aliyejitanda kanga mpaka kichwani, analia machozi ya kweli, akasema mwenye kiapo ni mumewe, amelazwa hospitali ya Ndanda, hawezi kuja. Nigongee mhuri tu, mwanangu, nimpelekee leo hii. Moyo wangu ukalainika. Nilikuwa nimeshashika kalamu.

Akapiga meza. "Amekuja mbele yako?"

"Hajaja, mama."

"Basi unathibitisha nini? Machozi yangu?"

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini mimi nilifunzwa na mkwe, na sijui kama ulimwengu ungenivumilia kiasi kile. Nilianza kuzipenda hodi zake. Nilikuwa naamka mapema Jumamosi kwa hamu ya kujua leo anakuja nani. Tukawa tunacheka wote watatu, naye akawa ananisemesha moja kwa moja, na majirani wakaona ajabu.

Halafu wiki ya mwisho kabla ya usaili aliingia bila koti, bila fimbo, amevaa gauni lake la kanisani. Akakaa.

"Leo ni nani?" nikauliza kwa utani.

"Leo ni mimi."

Mke wangu aliacha kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilijua swali. Nilikuwa nimeliuliza mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Nikafungua kinywa, kikatoka kikohozi. Nikasema ngoja kwanza nikaone kama mbuzi wa jirani hajaingia kwenye mihogo, nikatoka, nikakaa huko mihogoni muda mrefu bila mbuzi wala sababu. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu. Hakuninunia, aliniachia ujumbe kwa mke wangu kwamba niende hivyo hivyo, Mungu atasimamia. Hilo liliniuma kuliko kama angenisema.

Nilikwenda, na nilipita. Safari hii mteja alikuwa yule mama wa miwani. Alikuja juu: "Unaniuliza jina mimi? Mama yako si rika langu?" Nikamjibu, "Ni rika lako, mama, na shikamoo. Majina yako kamili, tafadhali, na kitambulisho." Nilimtazama usoni. Akaitikia marahaba, akaandika kitu. Nilipoapishwa mke wangu alipiga vigelegele peke yake katika umati wa watu wa Dodoma, nami sikuona aibu hata chembe.

Nikafungua ofisi Newala, chumba kimoja, barazani pakiwa na fundi cherehani. Mhuri ulipofika niliugonga kwenye magazeti ya zamani mpaka mke wangu akaninyang'anya.

Asubuhi moja katika wiki ile ya kwanza nikasikia hodi ninayoijua. Mama mkwe aliingia na gauni la kanisani, mkononi ameshika hati iliyopigwa chapa. Nikadhani amekuja kunifurahisha. Kumbe ilikuwa hati kweli. Chama cha msingi cha wakulima wa korosho kilikuwa kimemwambia kwamba jina la kwenye kitambulisho chake na jina la kwenye hati za shamba hayafanani, kwa hiyo aape kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kitambulisho alikwenda kuandikishwa akiongozana na mwanawe mkubwa, na kila karani alipouliza swali mwana ndiye aliyejibu. Akamwandikisha kwa jina la marehemu mumewe na jina la utani la nyumbani.

"Mama," nikasema, "kuna mwenzangu Masasi, mtu mzuri sana. Nitakupeleka mwenyewe kwa gari."

"Hilo jambo nimeliahirisha tangu mwaka jana, nakusubiri wewe. Kama unanirudisha, niambie nirudi."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Nje cherehani ilikuwa inakwenda. Nilimpa kiti, nikamwamkia, akaitikia. Nikaweka Biblia mezani. Nikawaza kwamba nikitoka tena kwenda kutazama mbuzi, mhuri huu nitaugonga maisha yangu yote bila kuuamini.

Nikamtazama usoni. "Mama, naomba unitajie majina yako kamili."

Alitazama mikono yake. "Unajua aliyeniuliza mara ya mwisho ni nani?" akasema. "Ni askofu, siku ya kipaimara. Nilikuwa msichana. Baada ya hapo nikawa mke wa fulani, nikawa mama wa fulani, sasa ni bibi wa fulani. Sisemi ni vibaya. Nimeheshimiwa sana." Kisha akalitaja, kwa sauti ndogo sana, nusu yake ikamezwa na cherehani.

Kanuni ni kwamba lazima nisikie. "Sijasikia vizuri, mama."

Akalitaja tena. Jina la ubatizo, jina alilopewa na bibi yake mzaa mama, jina la baba yake. Sitayaandika hapa, si yangu kuyagawa. Lakini niliyasikia yote matatu, nikainama kuandika ili asinione uso.

Nilipoinua kichwa alikuwa anatabasamu. Sikumuuliza tena. Aliyataja mara ya tatu mwenyewe, kwa sauti ile ya kufundishia watoto wa kanisani, mpaka fundi akasimamisha cherehani akachungulia ndani kuona ni nani aliyekuja.