Siku Wifi Aliponiuliza Kama Nataka Kufa

Wifi yangu ndiye niliyemwibia. Ni mke wa kaka yangu, anauza mitumba soko la Mchikichini, na wakati ule mimi nilikuwa navuta unga. Nilibeba belo lake zima la nguo za watoto, nikaliuza kwa bei ya kutupa. Alinipeleka polisi mwenyewe. Nikafungwa mwaka mmoja.

Siku ya kutoka nilimkuta getini. "Twende nyumbani, wifi," alisema, basi.

Nilikuwa sijagusa unga mwaka mzima na majirani walinipongeza. Lakini nilikuwa nimechoka, uchovu ambao hata nikilala hauondoki, na kaka hakuwa ananitazama usoni. Siku ya nne nilikunja doti zangu mbili za khanga, zile nzuri, nikampelekea wifi kwenye kizimba chake cha biashara sokoni. Nikamwambia azichukue, mimi sina kazi nazo tena.

Alikuwa anampimia mteja suruali. Akamwacha, akanivuta pembeni.

"Wifi, unataka kujiua?"

Nilikuwa sijawahi kuulizwa wazi namna ile. Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka ya kawaida tu, kama naagiza chai.

Hakulia wala hakunihubiria. Alimwomba jirani amwangalizie biashara, akanishika mkono mpaka hospitali. Nesi alinisikiliza bila haraka, kisha akamweleza wifi kwamba kwa watu kama mimi, wiki za kwanza baada ya jela ndizo za hatari, nisiachwe peke yangu. Nikapewa dawa, na kila Jumanne nikawa naenda kuzungumza na nesi yule.

Wifi alilishika lile neno. Hata nikienda choo cha sokoni alisimama nje akiita, "Wifi, upo?"

"Nipo."

Wauza viatu walicheka. Siku moja nikajikuta nacheka na mimi, humo humo chooni.

Huu ni mwaka wa tatu. Kazi yangu ni kupiga pasi nguo za wifi kabla hazijatundikwa. Mchana kaka hutuletea samaki wa kukaanga kutoka soko la Feri, tunakula watatu tumekalia mabelo. Jana wifi alilalamika kwamba nimeunguza kola ya shati.

"Lilikuja hivyo kutoka Ulaya," nikamwambia.

Kaka akacheka mpaka akapaliwa, kisha akanisogezea kichwa cha samaki. Anajua ndicho ninachokipenda.