Kitoweo cha Mama Neema

Juzi, katika duka moja la Kariakoo, nilimwona paka wa rangi ya machungwa amelala juu ya majora ya vitambaa, nikamkumbuka Simba wetu. Nilipokuwa mdogo tulikuwa na paka wawili. Simba aliingia chumba chochote cha nyumba ile ya kupanga bila hodi. Tunu, dada yake, alishinda uvunguni mwa kitanda.

Mchana mmoja walikuja wageni kumposa dada yangu. Uani kulinukia samaki wa kukaanga. Mama alikuwa akimimina chai Simba alipoingia na changu mzima mdomoni, akamweka miguuni pa mgeni mkubwa. Nje, jirani yetu Mama Neema alikuwa akipiga kelele, "Mwizi! Paka mwizi huyu!"

Mama aliinamisha kichwa. Mimi, nikidhani naokoa jahazi, nikamvuta Tunu uvunguni na kumwinua mbele ya wageni.

"Huyu haibi," nikasema. "Anayeiba ni yule tu."

Dada akajifunika uso kwa mtandio. Masikio yangu yakawaka kwa aibu, wala sikujua nimekosea wapi.

Mama Neema akatokea mlangoni na mwiko mkononi, akawaona wageni, akaushusha.

"Karibuni jamani," akasema. "Shoga, nilimtuma paka wako alete kitoweo, kumbe kafika kabla yangu!"

Wageni wakacheka, na posa ikapokelewa.

Mimi nilimwamini. Jioni nilimkuta na wanawe wakila ugali kwa mchicha mtupu, nikamuuliza, "Mama Neema, kesho utamtuma tena?"

Alicheka mpaka akatokwa machozi. Mama, aliyekuwa kando akiosha vikombe, hakuweza kumtazama.