Madesa ya Kaka

Nikisikia watu wakisimulia jinsi walivyochagua masomo chuoni kama wanaochagua vitenge dukani, huwa nanyamaza. Fomu yetu ya mwaka wa kwanza ilikuwa ya ukurasa mmoja na karibu kila kitu kilikuwa kimeshachapwa. Tuliachiwa visanduku viwili tu vya kutia tiki. Visanduku hivyo viwili vilininyima raha wiki mbili nzima.

Sekondari nilisoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, kwa sababu nyumbani Magu walitaka daktari. Udaktari ulinikataa. Tuseme ukweli, alama zangu ndizo zilizoukataa, nikaangukia uhandisi wa maji. Kwa watu kama mimi, ambao hesabu tulizidokoadokoa tu, chuo kilitoa njia mbili. Ya kwanza ni kuingia moja kwa moja kwenye Hisabati ya Kwanza pamoja na Mekanika, ukakaa na wale walioshinda na hesabu miaka miwili mizima. Ya pili ni kuanza na Hisabati ya Msingi, muhula huo ukasoma Kemia, na Mekanika ikakusubiri muhula wa pili. Hiyo ya pili wanafunzi waliipa jina: chekechea.

Nani anataka kurudi chekechea na miaka ishirini na moja? Siyo mimi. Mimi ni mtu wa kukasirika hata nikiambiwa niketi mbele ya gari kwa sababu ni mwanamke.

"Jazeni mnavyoona," alisema mshauri wetu wa masomo, mama mpole ambaye miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba. "Mkiona mmekosea, mna wiki mbili za kubadilisha. Baada ya hapo msije kunililia."

Nilikuwa nimefikia kwa kaka yangu, mtaa wa Mkolani. Kaka alisoma chuo hicho hicho miaka sita kabla yangu, na mwisho wa mwaka wa kwanza akadisko. Hilo ndilo neno letu la kuondolewa chuo kwa kufeli. Nyumbani alieleza kwamba mwalimu wa hisabati alimkalia kooni, na baba akamchukia yule mwalimu bila kumwona. Kaka hakurudi kulima mpunga. Alijifunza kuchomelea, na sasa ana karakana yake, anatengeneza mageti, madirisha na ngazi za chuma. Ni fundi mzuri. Lakini tukikaa mezani Krismasi na mtu akataja chuo, yeye hukumbuka ghafla kwamba kuna kitu nje anapaswa kukiangalia.

Jioni ile niliporudi na fomu, alivuta boksi la bati kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na madesa yake. Madesa ni notsi za waliotutangulia, na mwanafunzi wa chuo huku haulizi kwanza somo lina faida gani. Anauliza nani ana madesa yake.

"Hisabati ya Kwanza yote iko humu," alisema. "Chukua hiyo. Mimi nilionewa. Wewe hawatakuweza."

Nilimpenda sana dakika ile. Nikatia tiki papo hapo, kwa niaba ya ukoo mzima.

Wiki ya pili tulifanya jaribio la kwanza. Nilipata tatu kwa ishirini. Nilikwenda kukaa juu ya jiwe nyuma ya maktaba, ziwa lote likionekana huko chini, wala halikunisaidia kitu. Nililia kwa hasira kwanza, halafu kwa woga. Niliona wazi kabisa: watoto wawili wa nyumba moja, chuo kimoja, somo moja, wote wamedisko. Mama angekufa kwa aibu, na safari hii hakungekuwa na mwalimu wa kumsingizia.

Nikafungua madesa ya kaka nitafute nilikokosea. Nikafungua tena. Kulikuwa na kitu kilichonisumbua ambacho sikuweza kukitaja, mpaka nikafika katikati ya daftari. Lilikuwa safi mno. Vichwa vya habari vimepigiwa mstari mwekundu kwa rula, majibu yamefungiwa kwenye visanduku, na kutoka jalada hadi jalada hapakuwa na neno moja lililokatwa. Mimi nikifanya hesabu kweli, ukurasa wangu unakuwa kama shamba lililopitiwa na ng'ombe. Hapa ng'ombe hawakuwahi kupita.

Zilibaki siku mbili muda wa kubadilisha uishe. Mchana ule ule nilikwenda karakana. Alikuwa amepiga magoti, anaweka alama za chaki kwenye vyuma vya ngazi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona uso hivyo, kuna msiba?"

"Nimepata tatu kwa ishirini."

"Hukusoma madesa."

"Nimeyasoma yote." Nikamfungulia daftari mbele ya macho. "Kaka, ukurasa huu uliuelewa?"

Akautazama. "Huo hapana."

"Na huu?"

"Huo pia."

Nikawa narudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, naye akitikisa kichwa, mpaka tukafika wa tatu. Akaweka kidole chenye masizi juu yake.

"Hapa ndipo nilipoachwa," alisema. "Nikajiambia nitaelewa mbele ya safari. Ubao unafutwa haraka, mkono wangu mwepesi, nikanakili kila kitu. Darasa zima likawa linaazima daftari langu kwenda kutoa kopi. Sasa mtu ambaye darasa zima linaazima daftari lake, atanyoosha mkono aulize nini?"

"Na mwalimu aliyekukalia kooni?"

"Yule mzee? Wala hakunijua hata jina."

Hapo nikalipuka. Nilimwambia maneno ambayo mdogo hamwambii kaka yake, na nusu ya Mkolani walisikia. Nilimwambia amenikabidhi mtumbwi uliotoboka akijua kabisa umetoboka. Alisubiri niishiwe pumzi, akanivutia kigoda.

"Nilitaka mtu wa kwetu alimalize lile somo," alisema. "Sikufikiri zaidi ya hapo. Nisamehe." Kisha, akiangalia chaki yake: "Na mimi nilikuwa na kile kisanduku, mdogo wangu. Chekechea ilikuwepo. Niliona aibu."

Sikuwa nimewahi kumsikia kaka akisema neno aibu kabla ya siku ile. Hasira yangu ikaishia pale pale, nikabaki na huruma tu, na kamasi.

"Kabadilishe," alisema. "Nyumbani niachie mimi."

Asubuhi yake nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa mshauri. Alivaa miwani, akanichunguza.

"Umelia?"

"Hapana, madam."

"Wanaobadilisha hulia leo. Wengine hulia matokeo yakitoka. Saini hapa."

Chekechea tulikuwa ishirini na kitu, wengi wetu tumekaa viti vya nyuma tukijificha. Mwalimu alipofika mahali ambapo kaka aliachwa, nilinyoosha mkono. Swali lenyewe lilikuwa la kijinga, lakini aliposema "swali zuri" vichwa vitano viliinuka, na mikono mingine ikafuata. Jumamosi nilibeba mazoezi hadi karakana, tukayafanya kwa chaki kwenye bati jeusi. Kaka aliuliza zaidi yangu. "Rudia hapo," alisema, "hapo umeruka." Alipoona mwinuko wa mstari kwenye grafu, alinionyesha ngazi zake na kusema, "Kumbe hiki kitu nakikata kila siku."

Nilifaulu. Si kwa alama za kutangazwa kanisani, lakini nilifaulu, na Hisabati ya Kwanza nikaichukua muhula uliofuata nikiwa najua ninakoingia. Wakati wa likizo kaka alikwenda Magu peke yake, akakaa na baba nyuma ya nyumba mchana mzima. Sijui walisemezana nini. Najua tu kwamba baba hajamtaja tena yule mwalimu.

Mwezi uliopita nilimkuta kaka mezani akiwa na karatasi mbele yake, kalamu sikioni kama anavyoweka chaki. Ilikuwa ile fomu ya ukurasa mmoja. Alikuwa ameomba upya kimyakimya, na wamempokea. Karakana atafungua jioni na Jumamosi.

"Una madesa ya chekechea?" aliniuliza, bila kunitazama.

Nikamletea daftari langu. Alilifungua, akaona mistari iliyokatwa, mishale, alama za kuuliza pembeni, ukurasa mmoja nilioutoboa kwa kalamu kwa hasira.

"Haya yote ni nini?"

"Makosa yangu," nikasema. "Yako yote humo."

Akageuza hadi ukurasa wa tatu, akausoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Halafu akachukua kalamu na kutia tiki kisanduku cha chekechea.