Maharage ya Dada Kule Milimani

Enzi za Mwingereza, dada yangu aliolewa na mwalimu wa shule ya misheni, akahamia juu kwa Wakinga, kwenye milima inayoliangalia ziwa. Mimi nilibaki ufukweni na mama, tukifinyanga vyungu. Kila aliyeshuka kutoka huko alitusimulia: ana kitanda cha chuma, ana madirisha ya vioo. Ikawa nikisikia akitajwa tu, moyo unaniuma.

Mama akanituma nimpelekee chungu kipya. Nilianza kupanda alfajiri. Njiani masikio yakaziba, yakazibuka, pumzi ikawa fupi. Jioni nikamkuta dada jikoni, macho mekundu kwa moshi. Maharage yalikuwa motoni tangu mchana, bado magumu.

"Umesahau kupika, dada?" nilimuuliza, na kwa kweli nilifurahi. "Hebu nipishe."

Nikayahamishia kwenye chungu chetu, nikaongeza kuni. Maji yakachemka kwa fujo. Nikaonja baadaye: magumu vilevile.

Shemeji akaingia, akacheka. "Si kosa lenu. Hewa ina uzito. Ninyi wa ufukweni imewalalia nyingi, inayakandamiza maji, mpaka yapate moto sana ndipo yachemke. Huku juu hewa ni nyepesi..."

"...kwa hiyo yanachemka kabla hayajapata moto wa kuivisha," dada akamalizia.

Kitanda na vioo ningevivumilia. Lakini mume anayekaa jikoni kumweleza mkewe mambo ya angani, hadi mke anammalizia maneno! Hilo lilinichoma.

"Na juu ya mawingu, shemeji, kuna nini?" nikauliza.

Akavuta kigoda karibu yangu. "Hewa ina matabaka. Hili letu la chini ndilo lenye mvua, na kadiri unavyolipanda baridi inazidi. Juu yake kuna jingine, kavu, halina mvua. Kisha mengine, kila moja jepesi kuliko la chini yake, mpaka hewa inakwisha kabisa."

Nikauliza tena, na tena. Naye alijibu akinitazama mimi tu. Dada akaweka mwiko chini kwa kishindo.

"Mgeni amechoka," alisema. "Mwache akalale."

Kulipokucha alinifungia viazi vya njiani.

"Ndaga, dada," nilimshukuru.

"Msalimie mama," alijibu, wala hakunisindikiza.

Kwa miaka mingi baadaye, kila aliposhuka kututembelea, alikuja peke yake. Mama akiuliza habari za mwalimu, dada alijibu kwamba ana kazi nyingi. Mimi nilikuwa nikiinamia udongo wangu.